Visahani vya Alma

Hakimu alikuwa amepanga kumsikiliza Jeppe Stampe saa nane mchana, na hadi asubuhi hiyo ya Jumanne Inspekta Merete Kjølby hakuwa na ushahidi wa maana zaidi ya ugomvi. Ugomvi wenyewe haukuwa siri. Ijumaa, saa kumi alasiri, nusu ya ghorofa ya tatu ilimsikia Jeppe, fundi wa hadubini, akifokeana koridoni na Daktari Alma Dybdal, mama wa mtoto wake, kuhusu nani akae na mtoto wakati wa Krismasi. Jumatatu asubuhi Alma akakutwa sakafuni katika chumba cha baridi cha maabara hiyo hiyo, kichwa kimepasuka kwenye ukingo wa rafu ya chuma. Wikiendi ile ilikuwa zamu ya Jeppe kukaa na mtoto, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Mwendesha mashtaka alijumlisha moja na moja, akapata mbili, akaridhika.

Merete hakuridhika, lakini kutoridhika si ushahidi. Hakimu akikubali ombi la mwendesha mashtaka, Jeppe, aliyekamatwa jana, angerudi mahabusu kwa wiki kadhaa, na binti yao Asta, mwenye miaka sita, angebaki kwa watu baki ambao manispaa ilimtafutia jana. Bibi na babu wa pande zote mbili walikwisha tangulia mbele za haki. Mtoto alikuwa amepotelewa na mama, na sasa baba naye alikuwa anaponyoka.

"Rudia maneno ya daktari wa maiti," Merete alisema walipokuwa wakipanda ngazi za maabara.

Sajenti Anker Lund alihamisha peremende yake nyeusi ya chumvi kutoka shavu hili kwenda lile. Alikuwa mtu mzima, karibu na pensheni, na alipanda ngazi akizilaani moja moja. Alisema pigo lilimpata Alma kabla ya saa kumi na moja, maana simu iliyokuwa mfukoni mwake haikusogea tena baada ya hapo. Hakufa palepale. Ubongo ulivimba polepole, na huenda alikata roho karibu na usiku wa manane. Jeppe alimchukua mtoto shuleni saa kumi na moja, wakaenda kuogelea, na watu wengi waliwaona huko hadi saa mbili. Kabla ya shule, alisema, alikuwa akizunguka na baiskeli ili hasira zimshuke. Peke yake, bila shahidi.

"Muda wa kumsukuma mtu anao, bosi," Anker alisema. "Moyo wa kufanya hivyo ndio sijui."

Kabla ya yote walikuwa na uongo mmoja wa kuuchambua. Profesa Preben Hauge, mkuu wa maabara, alisema Jumatatu kwamba Ijumaa aliondoka mapema kama watu wote. Kamera ya maegesho ilisema gari lake lilitoka saa mbili usiku. Anker alishaanza kumwona profesa amevaa pingu.

Hauge aliwapokea ofisini, mtu mrefu mwembamba, sweta imetoboka viwiko. Merete alimwekea picha ya gari mezani. Profesa aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaeleza, macho yake dirishani, kwamba mke wake yuko kwenye nyumba ya wazee tangu Agosti na hamtambui tena. Ijumaa hapendi kurudi kwenye nyumba tupu. Humpigia simu mkewe kutoka hapo ofisini, muuguzi hushika simu, naye humsomea gazeti.

"Kwa nini hukusema jana?" Merete aliuliza.

"Wewe ungesema?"

Anker alitoka nje akapiga simu nyumba ya wazee. Aliporudi alitikisa kichwa, nusu kwa aibu. Muuguzi alithibitisha: Hauge alipiga saa kumi na robo, akasoma hadi saa kumi na moja na nusu, na alisoma hata matangazo ya vifo. Pingu zikavuliwa.

Lakini profesa alikuwa na kitu kingine, na alikitoa bila kujua uzito wake. Saa moja jioni, alipokwenda chooni, aliona mwanga chini ya mlango wa chumba cha seli, wanamokuzia seli hai za utafiti. Hakushangaa. Alidhani ni Alma.

"Kwa nini udhani ni yeye?"

"Alituambia wakati wa keki. Kila Ijumaa saa tisa tunakula keki pamoja, na yeye alichelewa, akasema alikuwa anazipa seli plasmidi. Mtu akizipa saa tisa, saa moja lazima arudi."

"Arudi kufanya nini?"

"Kuosha," Hauge alisema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini chungu huepuliwa jikoni. "Muulizeni Bodil. Yeye ndiye mama wa chumba kile, ndiye aliyetufundisha sote."

Anker alikuwa amekunja uso. Kama Alma alikuwa mzima saa moja, Jeppe hana hatia, maana saa moja Jeppe alikuwa ndani ya maji na mtoto mgongoni. Lakini daktari wa maiti alikuwa ameapa, na simu ilikuwa imeapa pia. Merete alimwambia asikimbilie. Mwanga uliwaka, hilo sawa. Nani aliuwasha, hilo bado.

Akamwomba Hauge awaonyeshe visahani vya Alma.

Chumba cha seli kilikuwa kidogo, kikinukia pombe ya kusafishia. Kabati la joto lilinguruma taratibu pembeni, ndani limepangwa visahani vya plastiki, kila kimoja na jina la mwenyewe kwa wino mweusi. Polisi walikuwa wameweka utepe mlangoni tangu Jumatatu; hakuna aliyegusa kitu. Hauge alivaa glavu, akatoa kisahani kimoja cha Alma, akakiweka chini ya hadubini, akazima taa.

"Angalia."

Merete aliinama. Gizani, seli zilikuwa zimetanda kama mawe ya barabara ya zamani, na kila moja ilikuwa na ukingo mwembamba wa rangi ya manjano inayong'aa. Hauge alieleza kwa sauti ya chini. Plasmidi ni pete ndogo ya DNA, maagizo tu. Seli ikishayapata maagizo hayo inatengeneza protini G, ambayo ni tarishi: hukaa chini ya ngozi ya seli, ikingoja habari kutoka kwenye kipokezi kilichoko mlangoni ili izipeleke ndani. Wao huibandikia protini nyingine inayong'aa, ili waweze kumwona tarishi anakaa wapi na anakwenda wapi.

"Hizi zina hali gani?" Merete aliuliza.

"Nzuri. Nzuri sana." Alikisogeza kisahani kidogo chini ya lenzi. "Alikuwa na mkono wa kazi, yule msichana."

Taa ilipowashwa, Merete hakuangalia seli. Aliangalia maji yaliyozilisha. Katika visahani vingine vyote vya kabati maji yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela, na kwenye vile vilivyokaa siku nyingi yalikuwa yamegeuka manjano. Katika visahani vya Alma, vyote, maji yalikuwa meupe, hayana rangi yoyote. Alimnong'oneza Anker neno moja, naye Anker akabaki nyuma.

Daktari Bodil Krarup alikuwa kwenye chumba cha kahawa, mbele yake mkate mweusi wenye samaki ambao hakuwa ameuma. Mama wa miaka sitini na sita, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mikono safi kama ya daktari wa upasuaji. Angestaafu majira ya kuchipua. Merete alikuwa ameshasikia sifa zake kwa kila mtu: kwamba ndiye aliyetengeneza ile plasmidi ya manjano inayotumiwa na maabara za dunia nzima, na kwamba miaka yote aliituma bure kwa yeyote aliyeomba, tone moja likikaushwa juu ya karatasi, likatiwa ndani ya bahasha ya kawaida. Watu wazima walikuwa wanamwita mama ingawa hakuwahi kuzaa.

"Alma nilimpokea hapa akiwa mwanafunzi," alisema kabla hajaulizwa. "Hakujua hata kushika bomba la kupimia matone. Mnakaa? Kahawa ipo."

Merete alikaa. Kahawa akaikubali.

"Nifundishe, Bodil. Mimi kichwa changu kigumu. Alma alizipa seli plasmidi saa tisa. Inafanyikaje?"

Uso wa Bodil ulilegea. Ni watu wachache wasiopenda kuulizwa kuhusu kazi wanayoijua. Akaeleza, mikono yake ikicheza hewani juu ya mkate. DNA yenyewe haipenyi ndani ya seli, ngozi inaikataa. Kwa hiyo unaifunga ndani ya mafuta maalumu, matone madogo mno, na seli inayameza mafuta pamoja na kilichomo. Ni ujanja tu. Ubaya wake, mafuta hayo ni sumu. Baada ya saa nne hivi lazima uyaondoe, uzioshe seli, uzipe chakula kipya kilichopashwa moto kidogo, joto la mwili, zisishtuke.

"Na mtu asipoziosha?"

"Kwa mafuta anayotumia Alma, tena wingi ule? Kesho yake unakuta mchanga. Zimejikunja, zimebanduka, zinaelea. Huwa nawaambia vijana, ukizipa plasmidi Ijumaa, ujue umeshaiuza jioni yako."

"Mimi nimetoka kuziangalia sasa hivi," Merete alisema. "Za Alma. Zote ziko hai."

Mikono ya Bodil ilishuka mezani.

"Basi aliziosha," alisema.

"Saa moja jioni alikuwa sakafuni kwenye chumba cha baridi. Alikuwa huko tangu kabla ya saa kumi na moja."

"Basi mtu alimsaidia. Tunasaidiana hapa."

"Hata mimi nilifikiri hivyo. Mtu alipita, akaona visahani, akasema mwenzangu kasahau, ngoja nimwoshee. Jambo la wema kabisa." Merete alikunywa kahawa. "Lakini jana tumemuuliza kila mtu wa ghorofa hii. Kila mmoja anasema aliondoka kabla ya saa kumi na moja, hakurudi, hakugusa kitu cha Alma. Mtu aliyemfanyia mwenzake wema ana sababu gani ya kuuficha? Isipokuwa alijua kwamba mwenyewe hawezi kuja kuosha."

Bodil alikuwa anaangalia mkate wake.

Mlango ulifunguliwa, Anker akaingia na trei. Juu yake alikuwa amepanga chupa za chakula cha seli kutoka kwenye jokofu la chumba kile, kila moja na herufi za mwenyewe shingoni. Zilikuwa nyekundu zote isipokuwa moja. Ile moja ilikuwa kama maji ya bomba, na iliandikwa BK. Ilikuwa imebaki robo. Chupa ya Alma, nyekundu, ilikuwa imejaa karibu mdomoni.

"Hii yako mbona haina rangi?" Merete aliuliza.

"Rangi inafifisha mwanga chini ya hadubini," Bodil alisema. Alijibu haraka, kama mwalimu. "Mimi nanunua isiyo na rangi. Vijana wanaona ghali."

"Na maji ya visahani vya Alma hayana rangi. Chupa yake ilikuwa kwenye jokofu hilo hilo, imejaa. Kwa nini usitumie hiyo?"

Hapo Bodil Krarup angeweza kunyamaza. Angeweza kuomba wakili, na mpaka wakili afike saa nane ingekuwa imepita. Lakini swali lenyewe lilimuudhi. Lilikuwa swali la mtu asiyejua adabu ya chumba kile.

"Huwezi kutia mkono kwenye chupa ya mwenzako," alisema. "Ukimtilia uchafu unamharibia kazi ya miezi. Hilo ni la kwanza kabisa kumfundisha mtu."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Anker aliacha kutafuna. Merete alikuwa amempenda mama huyu tangu kwenye kahawa, na sasa ilibidi amsomee haki zake. Akamsomea, neno kwa neno, na Bodil akaitikia kwa kichwa kila kituo, kama anayekagua kama hakuna kilichorukwa.

Mengine aliyatoa mwenyewe, polepole. Alma alikuwa amegundua kwamba plasmidi ya manjano ya Bodil ina kosa. Mwanga ulikuwa umebandikwa mkiani mwa protini, na mkia ndio tarishi anaoutumia kukishika kipokezi. Kwa hiyo protini ilikaa mahali pake, iking'aa vizuri mno, na haikusikia chochote. Ilikuwa kiziwi. Maabara za dunia nzima zilikuwa zikiuliza maswali kwa kiziwi miaka yote hiyo, na kuyaandika majibu. Alma alitengeneza nyingine, mwanga akauchomeka katikati ya mwili wa protini, na hiyo ilisikia. Visahani vile vilikuwa vya plasmidi mpya. Jumatatu alikuwa awaonyeshe wote.

Ijumaa, baada ya Jeppe kuondoka amefura, Bodil alimfuata Alma kwenye chumba cha baridi. Alimwomba angoje hadi majira ya kuchipua. Miezi michache tu, astaafu na keki yake na maua yake, kisha aseme anachotaka.

"Akakataa?" Merete aliuliza.

"Alisema kuna watu wanachagua dawa kwa kutumia plasmidi yangu. Dawa za wagonjwa, Bodil, aliniambia. Alikuwa analia. Akanishika mkono, nami nikamsukuma aniache." Alitazama kiganja chake. "Nimesukuma tu. Sakafu mle huwa na maji."

"Halafu ukaondoka."

"Nikaenda kukaa maktaba. Sijui nilifikiri nini. Ilipokaribia saa moja nikakumbuka visahani."

"Ukarudi kwa ajili ya visahani."

"Vilikuwa na mafuta ndani. Zingekufa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Zile hazikunikosea kitu. Na zilikuwa nzuri. Nilizitazama Jumapili, nilikuja kuzitazama. Yeye alikuwa sahihi, na zilikuwa nzuri."

Jokofu la chumba cha kahawa lilianza kunguruma. Merete alingoja likae kimya. Kulikuwa na swali moja ambalo kesi haikulihitaji. Uchunguzi ungemalizika vizuri bila hilo, na angelala vizuri zaidi. Aliliuliza.

"Ijumaa, saa moja. Ulifungua mlango wa chumba cha baridi?"

"Ndiyo."

"Alikuwa hai?"

Bodil aliitikia kwa kichwa. "Alikuwa anapumua kwa sauti. Kama mtu anayekoroma."

"Na hukupiga simu."

Mama yule alifikiri. Alionekana kutafuta jibu la kweli, kwa bidii, kama alivyotafuta kila kitu maishani mwake.

"Nilikuwa nimekwisha pasha chakula moto," alisema. "Kilikuwa kinapoa."

Anker ndiye aliyemsaidia kuvaa koti, akamshika kiwiko kwenye ngazi ili asianguke.

Kabla ya saa nane mwendesha mashtaka alikwisha ondoa ombi lake. Hakimu hakulazimika hata kukaa. Merete alimkuta Jeppe kwenye korido ya nyuma ya mahakama, ameketi kwenye benchi, akijaribu kurudisha kamba kwenye viatu alivyorudishiwa. Merete alikaa karibu naye, akamweleza ni nani, na akamweleza kwa nini, kwa maneno machache. Jeppe alisikiliza, kamba mkononi. Hakuuliza kuhusu Bodil.

"Ijumaa, baada ya kuogelea," alisema, "Asta aliniomba tupite maabara. Alikuwa amepewa beji ya kuvuka bwawa, alitaka mama yake aione siku ile ile. Ilikuwa njiani kwetu. Nikamwambia hapana, mama ana kazi. Nilikuwa bado na hasira naye." Akamtazama Merete kwa mara ya kwanza. "Alikufa papo hapo, siyo? Ile saa kumi. Asingekuwa hai tena."

Anker, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aligeuka kutazama ukutani.

Katika miaka yote ya kazi Merete hakuwahi kumdanganya mfiwa. Alikuwa akiwakaripia askari wapya kwa hilo: ukweli unauma mara moja, uongo unauma kila siku. Taarifa ya daktari wa maiti ilikuwa ndani ya mkoba wake, miguuni.

"Papo hapo," alisema. "Hakujua kitu."

Jeppe alipumua. Akainama, akafunga kamba za kiatu cha kwanza, kisha za cha pili, akasimama. Alitaka kujua ni nyumba gani mtoto alikopelekwa, na kama anaweza kwenda sasa hivi. Merete akampa anwani. Walimsikia akishuka ngazi mbilimbili, kisha mlango wa chini ukajibamiza.

"Itasomwa mahakamani, bosi," Anker alisema. "Neno kwa neno. Atakuwa amekaa mstari wa mbele."

"Najua."

"Atakuja kukuuliza."

"Najua, Anker. Wacha kwanza akamchukue mtoto."